Nilitafuta maana ya kifo cha mama, jirani aliponiita nikampa ndoo

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Faza, kisiwani pwani, sijatia chumvi. Nimeandika na kufuta mara nyingi, ndivyo nilivyo. Kosa dogo tu hunikosesha raha.

Mimi ni mtu wa bara, Nyahururu. Huku natengeneza simu, ufundi niliojifundisha mtandaoni.

Mwaka huu mama alifariki. Nikaenda kuzika, nikarudi kazini.

Nikajifundisha na saikolojia pia. Ile existential, inayosema mtu akipata maana ya mateso yake ataweza kuyabeba. Nikaitafuta hiyo maana kama ninavyotafuta hitilafu kwenye simu.

Sikuiona. Nikajiona nimefeli hata kuomboleza.

Nikafunga kibanda. Kula nikaacha. Niseme ukweli, nilianza kuona sina haja ya kuendelea kuishi.

Mchana mmoja jirani yangu Bi Zainabu, mzaliwa wa Amu aliyeolewa huku, akagonga mlango. "Ndoo!"

Nikampa ndoo yangu ya maji, nikafunga.

Kesho yake akairudisha. "Ndoo, mwanangu."

Nikadhani haikumtosha. Nikamwongezea beseni.

(Kwa wasiojua, watu wa Amu husema "ndoo" wakimaanisha njoo. Nalijua hilo vizuri. Siku hizo akili haikuwepo.)

Akaangua kicheko. Aliponitazama usoni, kikakatika.

"Ewe, nakwita wewe, wanipa vyombo! Kwani bara hamwitani? Una ndaa. Ndoo ule."

Nikaenda. Wali, samaki, na pilipili kali. Machozi yakaanza kunitoka juu ya sahani, nikataka kuinuka kwa aibu.

"Keti. Lia, lakini kula."

Hakuniuliza nimejifunza nini kutokana na msiba. Aliuliza mama akiitwa nani.

"Wanjiru."

Tangu mazishi sikuwa nimelitamka jina hilo. Nikalirudia.

Sijapona, wakuu. Maana sijaipata, na siku hizi nashuku haipo. Mama aliugua, akafa. Bado kuna asubuhi nalala nikitazama dari hadi jua linakuwa kali. Tofauti ni kwamba nisipofungua kibanda, Bi Zainabu huja kugonga, na mimi hufungua.

Nilidhani nguvu ya ndani mtu huijenga peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Yangu ilikuwa imeisha kabisa, na nilihitaji mtu ajue.

Kama nawe umefika hapo, mwambie mtu leo, hata kwa maneno mabovu.

Na mliofiwa, msinitumie vitabu, ninavyo vingi. Andikeni hapa chini jina la mliyempoteza. Nitayasoma yote, kwa sauti.