Kompyuta Iliyogoma Kuzima

Kaka yangu aliondoka London bila kuaga. Tuligombana asubuhi, akasema amechoka kuishi watu wazima wawili katika chumba kimoja Wembley, pazia katikati. Nikamwambia basi aende. Akaenda kweli, mpaka Tanga. Akaniachia kompyuta kuukuu aliyoifufua kwa kuiwekea mfumo wa bure wa Linux, na tangu siku hiyo ikagoma kuzima.

Nikiizima, kioo kinakuwa cheusi, maandishi meupe yanasema kuna kazi haijaisha, sekunde zinahesabiwa. Dakika moja na nusu. Zikiisha, inajiongezea nyingine. Nami nimesimama, koti mwilini, mkoba begani. Kuiacha ikiwaka siwezi, chaja ni ya mtumba na inapata moto. Betri ilishakufa, kwa hiyo kuchomoa waya ni kuitoa roho. Niliwahi kuichomoa kwa hasira, insha yangu ya chuo ikapotea yote. Nilikuwa mfungwa wa bati lile, na nililichukia.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Neasden, msimamizi akaniita pembeni. Nikichelewa mara moja tu tena, nisirudi.

Nikakaa kusoma kumbukumbu za kompyuta, mstari kwa mstari. Mkosaji alikuwa kaka. Aliiagiza kwamba kila inapozimwa, kwanza inakili kazi zangu kwenye diski yake. Diski kaondoka nayo, na kompyuta ilikuwa inaisubiri. Kulifuta agizo kulihitaji nywila, na nywila anayo yeye.

Kumpigia maana yake nianze mimi, kwa kuwa ni mdogo, kumwamkia mtu aliyeondoka bila kuaga. Heri nifukuzwe kazi! Siku tatu nilishikilia hapo hapo. Asubuhi ya nne, koti likiwa mwilini, nikapiga.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Imegoma kuzima?"

"Kumbe ulijua?"

"Nilikumbuka nikiwa airport. Nikasema kesho atapiga, atanitukana weee, yataisha." Akakohoa. "Miezi minne, mdogo wangu."

Akanitajia nywila, akanielekeza mstari wa kufuta. Nikafuta, nikaizima. Ikazima papo hapo. Nikatazama saa, basi la kwenda kazini ningeliwahi bila hata kukimbia.

"Vipi, imezima?" akauliza.

"Bado," nikamwambia, nikaketi kitandani.