Shuka la Manubia Bustanini kwa Sidi Hmida

Manubia alizaliwa mkaidi, akaolewa mkaidi, na ujane haukumpunguzia kitu. Kila midanzi, ile michungwa ya machungwa machungu, inapochanua, hutia shuka jeupe kwapani akaenda bustani ya Sidi Hmida, yule aliyefungua shule ya kwanza mjini kwetu akaishia kuwa waziri. Midanzi ile aliipanda marehemu mwenyewe. Manubia huchuma maua, huyachemsha kwenye chungu chake cha shaba, akapata marashi ya mwaka mzima: ya keki, ya kahawa, ya kutuliza matumbo ya watoto wachanga.

Mwaka huu baraza la mji likapiga marufuku kuchuma. Wiki ijayo ni sherehe ya miaka mia tangu azaliwe Sidi Hmida, na wageni kutoka Tunis lazima wakute miti imechanua. Kana kwamba ua la mdanzi husubiri wageni! Wiki ijayo maua yatakuwa yameoza, na mjukuu wa Manubia yu karibu kujifungua. Kitukuu chake cha kwanza, kikose marashi? Alikuwa radhi afungwe.

Basi akatandika shuka chini ya mti, akaketi. Mimi nilikuwa benchi la pili natafuna mbegu za alizeti, na sikuondoka ng'o. Mlinzi Munsif akaja mbio.

“Lalla,” akamwita kwa heshima, “hujasoma kibao?”

“Nisome wapi? Shule ya Sidi Hmida ilikuwa ya wavulana.”

“Kinasema usichume!”

“Kwani nachuma? Nimekaa. Ua likianguka lenyewe, nilikemee?”

“Halianguki leo, wala kesho.”

“Yamekomaa hayo, mwanangu. Ukipiga chafya tu yanashuka.”

“Yameshika! Yameshika barabara! Tazama!” Akaupiga mti teke.

Maua yakamwagika kama mchele wa gunia lililopasuka. Munsif akabaki na kofia nyeupe pe. Nilicheka hadi mbegu zikanipalia.

Manubia hakucheka. Alikusanya shuka lake taratibu, akalisogeza chini ya mti wa pili.

“Na huu je, nao umeshika?”

Munsif akatazama lango, akatazama sanamu ya Sidi Hmida, kisha akainama karibu na sikio la bibi.

“Lalla, mke wangu naye ana mimba ya miezi minane.”

“Sasa unapigaje teke la mguu mmoja?” Manubia akamfokea. “Piga vizuri, watoto ni wawili!”