Mizani ya Shemeji Yangu

Mnaotaka kucheka chekeni, msamaha siombi. Mimi ni kocha wa mpira wa vijana hapa mtaani Panda. Mizani hatuna, nikaazima ya shemeji yangu, anayenunua mawe ya shaba kwa wachimbaji. Kila mchezaji alipopanda, uzito ulikuwa mdogo wa kutisha. Nikawafokea wazazi: "Munanyimaka batoto bukari!" Nikafuta mazoezi ya mbio, nikaamuru wachezaji walishwe ugali mara nne kwa siku.

Baada ya mwezi tukacheza mechi; vijana walihema kabla ya mapumziko, tukafungwa saba bila. Bado nikaiweka mizani mbele ya wazazi: "Hii haidanganyi!"

Baba wa golikipa, mchimbaji, akainama akaitazama.

"Kocha, hii mizani miye naijua. Kila siku inakulaka kilo zangu."