Kichwa Alichokijua Mahfudha

Asubuhi ile Mahfudha aliteta na mumewe juu ya kanzu.

"Baba Omar, kanzu hii yanuka samli. Utaswalije nayo Ijumaa?"

"Mpika halua akinuka udi," Faki akajibu, "watu watasema halua yake haina kitu."

Mahfudha akacheka, akavaa buibui, akatoka kwenda kazini. Hakugeuka nyuma. Ageukie nini? Alasiri alikuwa arudi.

Mtaani Shela, hapo Malindi, walimjua kuwa mke wa mpika halua. Hotelini walimjua kuwa mama wa mashine. Alianza kwa kupiga taipu, vidole vikienda kama mvua juu ya bati. Faki hakusoma, lakini akipeleka sinia za halua za wageni husimama chini ya dirisha kumsikiliza. Mwaka wa themanini na saba hoteli ikaleta kompyuta: kioo cheusi, herufi za kijani. Makarani vijana wakaiogopa. Mahfudha akaishika. Majina ya wageni, vyumba, siku za kuja na kuondoka, yote yakawa yapita machoni pake kutwa.

Haukupita muda, kichwa kikaanza kumuuma. Kilikuja taratibu, jua likipanda. Kikakaa nyuma ya macho, kikashuka shingoni. Alirudi nyumbani leso kaikaza kipajini, macho mekundu, hataki kusikia hata mwiko ukigusa sufuria.

"Hilo ni jicho la watu," akasema Tima, dadake Faki. "Mwanamke wa Shela kuketi mbele ya mashine ya Wazungu! Wamekuhusudu, wifi."

"Wamehusudu nini? Shingo inayouma?"

Hata hivyo kombe likaandikwa. Aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, Mahfudha akanywa, akalala, akaamka mzima. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliporudi kazini, kichwa kikarudi. Kombe la pili likaandikwa, nalo siku ya mapumziko, maana ndiyo siku aliyopatikana nyumbani. Likafaa. Kila kombe lilifaa, na kila aliporudi kwenye kioo kichwa kilimngoja pale pale.

Jedida, muuguzi wa hoteli aliyetoka Tezo, ndiye aliyeuliza lisiloulizwa na mtu. "Mama, siku usiyoiona mashine, kichwa chauma?"

Mahfudha akazihesabu siku zake za mapumziko. Hakikuwa kikiuma.

Jedida akamweleza. Mtu akikazia kioo macho husahau kupepesa. Macho hukauka, hulemewa. Mwangaza wa dirisha ukipiga kile kioo, macho huhangaika zaidi. Na shingo iliyoinama kutwa hupandisha maumivu yake kichwani. "Vidonge usimeze kila siku, navyo vikizidi huleta kichwa chao. Kombe kunywa ukitaka, dua haimdhuru mtu. Lakini meza igeuze."

Meza ikageuzwa, ubavu kwa dirisha. Kiti kikawekwa mto. Akapimwa macho, akapewa miwani. Akawa akifanya kazi kidogo huinuka, hutazama mbali kwenye minazi, hupepesa, hunywa maji.

Idah wa mapokezi hakumwacha bila utani. "Mama Omar, wamtazamia bwana wa pili?"

"Huyu wa halua utamu haujamwisha, mwanangu."

Kichwa kikapungua. Siku za wageni wengi kilibisha hodi, lakini alishakijua mwendo wake. Huinuka akakipisha, kikapita.

Siku ile ya kanzu hakikubisha. Kilimpiga ghafla, katikati ya maneno, miwani ikamtoka mkononi. Idah akafunga mapazia, akamletea maji, akamwambia apumzike kama ada. Akapumzika. Akatapika. Akarudishwa nyumbani kwa gari ya hoteli. Tima akamlaza gizani akilia kuwa mashine hii itamwua wifi yake.

Faki alikuwa uani, halua inakaribia kushika. Alipoitwa aliiacha motoni. Aliinama kitandani, akamuuliza mkewe neno moja, akajibiwa. Hakuuliza la pili. Alitoka mbio kumzuia dereva asiondoke, wakampakia, wakaenda hospitali.

Magharibi haikumkuta hai.

Daktari alisema ni mshipa uliopasuka kichwani, na presha iliyopanda kimya kimya. Akasema pia, kwa upole, kwamba kichwa cha kioo huja polepole na huondoka mtu akipumzisha macho. Kinachokuja kwa ghafla, kikali kuliko vyote alivyowahi mtu kuumwa, tena na matapishi, hakilaliwi kikapoa. Huletwa hospitali saa ile ile.

Matangani wanawake wakasema kompyuta imemwua. Tima akaapa kwamba bintiye Zeina, aliyekuwa akifundishwa kazi na Mahfudha, hatakanyaga hoteli tena. Faki alikuwa barazani na wanaume, akayasikia yote. Akainuka. Akaenda kusimama mlangoni pa wanawake, jambo asilolifanya maisha yake, akaomba radhi.

"Mwache mtoto aende, Tima," akasema. "Mimi nilimuuliza mwenyewe, ni kile kichwa chako cha kioo? Akanijibu hivi: 'Si kile, Baba Omar. Kile nakijua, tushazoeana. Hiki sikijui.'"