Pua ya Darlène

Hyacinthe alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka mjini Uvira, Kongo, kabla vita havijamtoa. Toronto alipata kazi katika kiwanda cha mikate huko Etobicoke, zamu ya asubuhi, na kwa miaka kumi na mmoja hakushika brashi. Aliishi ghorofa ya tisa na binti yake, Aurore, aliyefiwa na mama yake, Darlène, wakiwa kambi ya wakimbizi, kabla hajatimiza miaka miwili. Picha zote za Darlène ziliungua vitani pamoja na nyumba yao.

Kanisa lao la Mount Dennis lilikuwa na ukumbi wa chini uliotumika siku za harusi tu. Mwaka jana wazee wa kanisa walikubali uwe mahali pa kuonyesha kazi za wasanii wa mtaani. Anastasia, nesi Mkenya aliyepewa usimamizi, alipaka kuta rangi nyeupe, akafunga taa, kisha akatangaza baada ya ibada kwamba yeyote anayechora, anayechonga au anayefuma alete kazi yake.

"Papa, si ulikuwa unachora?" Aurore aliuliza, kwa Kiingereza. Alikuwa na miaka kumi na minane. Kiswahili alikielewa chote, ila hakukizungumza.

"Nilikuwa naandika 'Hapa tunauza sukari na chumvi,'" baba yake alisema. "Huo si usanii."

Hata hivyo alinunua rangi. Kwa wiki saba, kila alipotoka kazini, aliketi mezani jikoni akimchora Darlène kwa kumbukumbu. Picha ilipokwisha, Aurore aliutazama ule uso. Akaupiga picha kwa simu, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Jumapili ya ufunguzi walikuja watu wapatao themanini. Mmoja wao alikuwa Dative, dada mkubwa wa Darlène, aliyetoka mji wa jirani wa Mississauga. Yeye na Hyacinthe hawakuwa wamezungumza tangu mazishi, kwa sababu Dative aliamini shemeji yake alichelewa kumfikisha mgonjwa zahanati. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, koti bado mwilini.

"Shemeji," alisema hatimaye, "macho ni yake. Lakini hiyo pua ni ya mama yako."

Hyacinthe aliisogelea picha, akaitazama, akaona ni kweli. Alikuwa ameitafuta pua ya mkewe na kuikosa, na mkono ukachora ile uliyoizoea.

"Yake ilikuwaje?"

"Fupi. Na hapa juu palibonyea kidogo, alianguka akiwa mtoto." Dative alimshika Aurore kidevu, akamgeuzia kwenye taa. "Ukiacha huko kubonyea, ni hii hapa."

Hyacinthe aliomba ruhusa ya kuitoa picha ukutani, akapanda basi kwenda kuchukua rangi nyumbani. Aliporudi, aliichora pua upya kwenye meza ya chai, Aurore ameketi mbele yake kwenye kiti cha plastiki, Dative nyuma yake akisema, "Punguza. Punguza tena. Hapo." Ilichukua karibu saa mbili. Wageni wengi hawakuondoka.

Habari ya zahanati haikutajwa siku ile. Waliizungumza miezi mitatu baadaye, nyumbani kwa Dative. Kila mmoja alibaki na neno lake, lakini siku hizi hupigiana simu.

Jioni ileile ya ufunguzi, mama mmoja Mrundi alimfuata Hyacinthe mlangoni.

"Nina kaka yangu," alisema. "Picha yake sina, ila naweza kukueleza alivyokuwa."

Baada yake wakaja wengine. Jumamosi, zamu ikiisha, Hyacinthe huketi ukumbini na mtu anayesimulia, na Aurore huandika maelezo kwa Kiswahili chenye makosa mengi. Nyuso kumi na nne zimetundikwa kufikia sasa. Mbili kati yake zilirudishwa kurekebishwa mara tatu kwa sababu ya masikio.