Bubu wa Nyahanga

Ukiuliza Kahama nzima Bujiku ni nani, watu watakukodolea macho. Uliza Bubu, utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo alilipata kwenye filamu za Sufiani, mpiga picha za harusi wa Nyahanga. Siku moja Sufiani alimwona kijana huyu, mchunga ng'ombe aliyetoka Kishapu, akiruka ukuta kumfukuza kibaka, akasema hapa nimepata shujaa.

Kasoro ilikuwa mdomo. Mara ya kwanza mbele ya kamera, upanga wa bati mkononi, Bujiku alinguruma, "Ludisha ng'ombe wa baba yangu, halamia!" Maharamia wote wakaanguka chini kwa kicheko kabla hajawagusa.

"Ndugu yangu, wewe pigana tu," alisema Sufiani akifuta machozi. "Maneno tuachie sisi."

Basi akapigana. Aliruka mapaa, akaning'inia kwenye kamba, akafyeka majambazi filamu baada ya filamu bila kutamka hata neno. Watu wakampenda kupita kiasi, na alistahili, maana kuongea kwa nyusi si kazi ya kila mtu. Hela ya kula aliitafuta kwenye bodaboda.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumwona: mama yake, Apolonia, aliyepofuka kabla mwanawe hajashika upanga. Kila filamu ilipoonyeshwa Mhunze, kwao Kishapu, siku ya mnada, aliketi mbele kabisa kwenye kibanda cha video, akisikia mabati yakigongana na watu wakishangilia. "Sasa anafanya nini?" alimuuliza jirani, naye jirani kwa utamu wa picha alikwisha kumsahau. Jambo hilo lilimuuma Bujiku kuliko kuanguka kokote.

Mwaka huu, magoti yakianza kugoma, alimwambia Sufiani hataigiza tena asipopewa sentensi moja, ile ile ya kwanza, mama yake amsikie. Sufiani akakubali, kwa sharti aitamke sawasawa. Bujiku akahangaika na ile "r" bafuni na barabarani, mpaka abiria wakadhani pikipiki ina hitilafu. Siku ya kurekodi ikatoka safi kabisa.

Mhunze, alimketisha mama yake, akamshika mkono. Sauti ikavuma: "Rudisha ng'ombe wa baba yangu, haramia!" Kibanda kikalipuka kwa vigelegele. Filamu ikaisha, na Apolonia bado ametega sikio.

"Mbona hujaongea, baba?"

"Nimeongea, mayu," alimjibu mama yake. "Yule aliyedai ng'ombe."

"Yule? Si mtu wa redio yule?"

Bujiku akainuka, akasimama mbele ya televisheni, mbele ya watu wote, akavuta pumzi. "Ludisha ng'ombe wa baba yangu, halamia!"

Hakuna aliyecheka, maana pale Mhunze karibu wote huongea hivyo. Apolonia alikwisha kusimama, mikono mbele, akiifuata sauti.

"Huyo ndiye wangu," alisema. "Sema tena, baba."