Wapiga Roki Waliomfukia Baba

Siku tuliyomzika baba, nyumbani kwetu Mutuini, walikuwepo hawa: mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kike aliyekuwa Fomu Tatu, kitinda mimba wetu aliyekataa katakata kuvaa tai, shangazi ambaye ni dada wa pekee wa baba, mchungaji, wazee wa kanisa waliokuwa wakiketi na baba benchi moja, akina mama wa chama cha kanisa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, majirani wa pande zote mbili za barabara, na mwenye jenereta na spika tulizokodi. Walikuwepo pia wanaume watatu ambao hakuna aliyewaalika.

Hao watatu walifika nikisoma historia ya marehemu. Kwetu kazi hiyo ni ya mtoto mkubwa. Niliacha shule Fomu Mbili mama alipofariki, nikaenda kuuza mapazia Ngara ili wadogo zangu wasome, kwa hiyo sikuzoea kusoma mbele ya watu. Macho sikuyainua. Nilisoma kwamba baba alizaliwa hapa hapa, akasoma hapa, akafanya kazi mjini, akaoa, akarudi kufuga ng'ombe, akaokoka, akawa mzee wa kanisa.

Nilipofika kwenye "akafanya kazi mjini", mtu alicheka nyuma karibu na ua. Hakucheka kwa siri, alicheka waziwazi.

"Eti kazi mjini!" alisema. "Mmesikia hiyo? Kazi mjini!"

Watu wote waligeuka. Niliona mwanamume mrefu mwenye mvi ndefu alizozifunga kisogoni, amevaa jaketi la ngozi kwenye jua lile la saa sita. Kando yake alisimama mwingine amebeba gitaa ndani ya mfuko wake, na wa tatu, mnene, ameegemea mkongojo. Buti zao zilikuwa zimelowa matope ya njia yetu. Nilimaliza kusoma, lakini sijui nilisoma nini.

Tulipoanza kuelekea kaburini, yule mrefu alinijia. Shangazi alinishika mkono akanivuta.

"Usiwasikize hao. Hao ndio walitaka kumpoteza ndugu yangu."

"Kwani unawajua, shangazi?"

Akauachia mkono wangu. Ndipo nikajua kwamba anawajua, na kwamba miaka yote hiyo kulikuwa na kitu nyumbani kwetu kilichofunikwa na watu wazima wakakikalia.

"Buda yako alikuwa mpiga ngoma wetu," yule mrefu alisema, moja kwa moja, kama mtu anayeniambia saa ni ngapi. "Mimi nilikuwa naimba. Huyu ni gitaa. Huyu mnene ni besi, usimwone hivi, alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu."

"Wacha uongo," yule mnene akasema. "Sijawahi kuwa mwembamba."

Nilimwambia wamekosea matanga. Baba yangu ndiye aliyekataa ngoma zisinunuliwe kanisani. Alisimama kwenye mkutano akasema kinanda kinatosha. Kwaya ikiimba, baba alikuwa anaketi ameikalia mikono yake yote miwili, na sisi watoto tulidhani hiyo ndiyo heshima ya mtu aliyeokoka.

"Anaikalia mikono?" mwimbaji aliuliza. Hakucheka safari hii. Aliwatazama wenzake. "Mnaona? Aliikalia."

Akaniambia. Waliianza bendi wakiwa vijana, kwenye nyumba ya kaunsili kule Woodley, wakijifunza kutoka kwa sahani za santuri za watu wa ng'ambo. Mwanzo walipigia wageni mahotelini nyimbo za kuchezea polepole. Halafu wakaongeza sauti, wakaacha nywele zikue, wakawa wanapiga roki nzito kwenye vilabu vya katikati ya jiji, watu wakipanga foleni hadi kona ya barabara. Walifika Kampala na Dar. Walitoa sahani moja. Kisha wakaitwa ng'ambo kurekodi ya pili, wakapewa tiketi.

"Wewe ndio wa kwanza kwake, sindio?"

"Ndiyo, ni mimi."

Alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Basi ni wewe ulituvunjia bendi. Ulizaliwa kabla ya wakati, mdogo hivi, kama kiatu. Akaapa huko hospitali: huyu mtoto akiishi, vijiti naweka chini. Sisi tulikuwa uwanja wa ndege Embakasi tumekalia mabegi yetu, tunamngoja. Ndege ikaenda bila sisi. Wewe ukaishi."

Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba nilizaliwa mapema na Mungu akaniponya. Hakuna aliyeniambia nililipiwa kwa kitu gani.

Walichotaka ni wimbo mmoja kabla hajafunikwa. Mchungaji alikuwa amesikia. Hakuwa mtu mbaya, na alinena taratibu.

"Binti yangu, mzee wa kanisa hazikwi kwa nyimbo za vilabu. Wakipiga, kanisa litakuwa limemaliza kazi yake hapa."

Kila mtu alielewa maana yake. Kwetu, familia haifukii kaburi. Wanaume wa kanisa ndio hushika sepetu, wakipokezana huku akina mama wakiimba, na baba mwenyewe alikuwa amefukia makaburi ya nusu ya kijiji. Kaburi likiachiwa wenyewe, watu huuliza marehemu alikuwa amekosana na nani. Kama ningesema ndiyo, baba angeondoka duniani kama mtu aliyetengwa, na wadogo zangu wangekaa na jina hilo Mutuini baada ya mimi kurudi Ngara.

"Sema hapana," shangazi alininong'oneza. "Yeye mwenyewe alisema hapana."

"Siz, wacha wapige," akasema kitinda mimba.

Mdogo wangu wa kike alisogea kando yangu. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Niliwaza kwamba baba alitimiza nadhiri yake yote, hadi siku ya mwisho, na kwamba nadhiri yenyewe ilikuwa ni ya kuniokoa mimi, na mimi nimeokoka. Yeye sasa amefunguliwa.

"Pigeni," nikasema.

Mpiga gitaa alichomeka waya kwenye spika ya kukodi. Mwenye jenereta alimwomba taratibu asiiharibu, akajibiwa, "Mzee, hii ikilipuka, ujue imekufa kishujaa." Halafu mpiga gitaa akaupiga uzi wa kwanza.

Sijawahi kusikia kitu kama kile nyumbani kwetu. Ng'ombe wetu wa maziwa alikata kamba akapita katikati ya majani ya nepia kama gari. Mama mmoja alilia "Yesu!" akakaa chini. Na mwimbaji, yule mzee wa mvi, alifungua mdomo ikatoka sauti ambayo sikuamini kwamba inaweza kukaa ndani ya mwili wa binadamu.

Lakini si kelele iliyonishtua zaidi. Kila baada ya mistari michache, wote wawili walikuwa wananyamaza ghafla, gitaa na sauti. Mnene naye, ambaye hakuwa na chombo, alikuwa akiinamisha kichwa anahesabu kwa mkongojo wake hewani bila kuugusisha chini. Kimya. Halafu wanaanza tena pamoja, bila kupishana hata kidogo. Hapo ndipo ngoma za baba zilipokuwa. Walikuwa wamemwachia nafasi yake, na wao walikuwa wakiisikia. Mimi, niliyeishi naye nyumba moja, sikusikia kitu.

Walipomaliza, mchungaji alifunga Biblia, akanipa mkono, akaondoka. Wazee wakachomeka sepetu kwenye udongo wakamfuata. Vitambaa vyeupe vikashuka njia kimoja kimoja. Shangazi alibaki, lakini alitupa mgongo.

Mwimbaji alizitazama zile sepetu. Akavua jaketi, akamrushia kitinda mimba wetu.

"Shika hiyo. Usiivae, inanuka miaka mingi."

Wakamfukia baba, wale watatu. Majirani wawili wakawasaidia baadaye, kwa aibu. Siwezi kusema walifukia vizuri. Mpiga gitaa alilalamikia vidole vyake, mwimbaji alitukana mawe kisha akaniomba radhi, na mnene alizunguka akishindilia udongo kwa mkongojo na kuwaita wenzake wavivu. Jasho liliwatoka mpaka nikaogopa tutazika wanne.

Niliwapikia chai. Niliwaambia kwamba kwa desturi yetu sote tunajua: aliyemfukia mtu wako, nawe utakwenda kumfukia.

"Sawa," mwimbaji alisema, akipuliza kikombe. "Siku yetu ikifika, usilete maua. Kuja na sepetu."

Wa kwanza kuniita kaburini alikuwa mpiga gitaa, miaka michache baadaye. Nilifunga kibanda Ngara nikaenda makaburi ya Lang'ata na sepetu ndani ya gunia. Huko nilikuta vijana waliovaa fulana nyeusi, wanamuziki wa roki wa jiji hili, ambao sikujua kwamba wapo. Walikuwa wamegeuza mitungi ya maji wakaipiga, na walipofika mahali fulani wote walipiga mapigo yale yale, mafupi, mazito, yenye mruko mwishoni. Niliuliza wamejifunza wapi. Mmoja alinishangaa.

"Hiyo ni ya zamani, madhee. Kila mtu anajua hiyo. Jamaa fulani aliipiga kwa ile sahani yao, akapotea. Hatujui alienda wapi."

Nikamwambia alienda Mutuini. Nikamwambia mimi ni mtoto wake. Akaacha kupiga, na wengine wakaacha, na wote wakabaki wananitazama. Walikuwa wanaujua mdundo wa baba yangu na kwangu ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuusikia, kwenye mitungi ya plastiki.

Wachimba makaburi walitaka kunipokonya sepetu. "Madam, wacha tukufanyie." Niliwakatalia. Nilifukia mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Bado nina wawili. Mnene amehamia kwa mtoto wake, miguu imekataa kabisa. Mwimbaji ninampigia simu mara kwa mara kumjulia hali, naye hunijibu kwa sauti ile ile ya juu, hata hainilazimu kuweka simu sikioni.

"Wewe binti, mbona una haraka na deni? Weka sepetu chini. Bado naimba."